Siku 7 za Kibandiko, Miezi 6 ya Udongo

Mwezi Septemba wa mwaka mmoja niliitwa na mzee mkulima wa Kilosa ambaye maharage yake, aliyoyapanda kwa kumwagilia pale alipokuwa amevuna mahindi ya masika, yaliota vizuri, yakatoa majani yake ya kwanza, kisha yakaanza kubadilika rangi. Nilipoinama niliona kwamba majani ya chini, yale yaliyotangulia kutoka, yalikuwa ya manjano kuanzia kwenye kingo, na mengine kingo zake zilikwisha kukauka na kuwa za kahawia kama karatasi iliyopitiwa na moto, ilhali machipukizi ya juu yalikuwa bado ya kijani. Tena maharage hayakuharibika ovyo kama yaharibikavyo kwa ugonjwa. Yaliharibika kwa mistari iliyonyooka, na zaidi kule kwenye ncha za shamba, mahali ambapo mpiga dawa hugeuka na bomba lake mgongoni na kupita mara ya pili juu ya ardhi aliyokwisha kuipiga.

Mzee alikuwa ameshika chupa tupu ya kiuadudu alichowapigia viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, akaniwekea kidole juu ya kibandiko. "Mtaalamu, hapa pameandikwa siku 7. Sasa huu ni mwezi wa ngapi?"

Swali lake lilikuwa la haki, na nimeulizwa mara nyingi tangu hapo kiasi kwamba nimeona heri nilijibu kwa maandishi. Zile siku 7 ni muda wa kusubiri kabla ya kuvuna. Zinahusu masalia yaliyo kwenye zao litakaloliwa, nazo hazisemi lolote kuhusu kilichodondoka ardhini. Isitoshe, kiuadudu kile hakikuwa na hatia. Nilimuuliza alipiga nini mwezi Machi, kabla mahindi hayajaota, naye akafikiri kidogo, akasema, "Ah, ile ya magugu tu." Ilikuwa atrazini.

Atrazini huzuia mmea kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Mahindi hayadhuriki kwa sababu yana vimeng'enya vya kuivunja ndani ya tishu zake yenyewe. Maharage hayana uwezo huo, ila kwa siku za mwanzo huishi kwa akiba iliyomo ndani ya mbegu, ndiyo maana huota kwa matumaini kisha hunyauka. Hilo lilieleza kwa nini maharage yalikufa. Halikueleza kwa nini atrazini ya Machi ilikuwa bado ipo Septemba, na hapo ndipo udongo unapoingia.

Mkulima husema dawa "imeisha" anapokuwa haioni wala haisikii harufu yake. Sisi wa maabara nasi hukosea vivyo hivyo, kwa lugha ya kitaalamu zaidi, tunapoandika kwamba kiuatilifu "kimepungua" bila kusema kimekwenda wapi. Kupotea na kuvunjika ni mambo mawili. Kiuatilifu kinaweza kupaa hewani, kuchukuliwa na maji ya mvua hadi mtoni, kuzama hadi kwenye maji ya visima, au kunaswa na chembe za mfinyanzi na mboji kwa nguvu kiasi kwamba hata kiyeyusho chetu hakikitoi. Katika hali zote hizo molekuli bado ni ile ile, isipokuwa imehama au imejificha. Kuvunjika ni pale molekuli yenyewe inapokatwa vipande, na mimi hulitumia neno hilo kwa maana hiyo peke yake.

Molekuli ya atrazini ni pete ya atomi 6, tatu za kaboni na tatu za naitrojeni zikipishana, ambayo imebeba atomi moja ya klorini na matawi mawili mafupi. Iko njia ya kuivunja ambayo ningeiita njia njema: klorini inang'olewa na nafasi yake kuchukuliwa na oksijeni na hidrojeni kutoka kwenye maji. Kwa badiliko hilo dogo sumu dhidi ya mimea inakwisha, na kitu kinachobaki hushikamana na udongo badala ya kutembea na maji. Baada ya hapo matawi hukatwa, pete hufunguliwa, na mwisho hubaki hewa ya ukaa na amonia. Lakini ipo njia nyingine, ambapo tawi moja hukatwa kwanza huku klorini ikibaki palepale. Zao la njia hiyo bado lina sumu kiasi kwa mimea, na huzama na maji kwa urahisi. Umoja wa Ulaya uliiondoa atrazini sokoni mwaka 2004 kwa sababu hiyo ya maji ya chini ya ardhi, kwani haikuweza kuhakikishwa kwamba dawa na vipande vyake havingevuka kiwango kinachoruhusiwa.

Nani anayeing'oa ile klorini? Kwa kiasi fulani ni maji yenyewe, hasa katika udongo wenye tindikali. Sehemu kubwa ya kazi, hata hivyo, hufanywa na bakteria na kuvu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huwa hawaniamini mpaka wachukue udongo wa shamba moja, waugawe kwenye chupa mbili, moja waichemshe kwa mvuke wenye shinikizo hadi kila kilicho hai kife, kisha watie kiuatilifu kile kile kwa kipimo kile kile katika zote mbili. Chupa iliyochemshwa hukaa na dawa yake wiki baada ya wiki, wakati ile yenye uhai inaendelea kupunguza yake. Udongo kwa macho ni ule ule, hata harufu yake haitofautiani sana.

Mwaka 1995 watafiti wa Minnesota nchini Marekani walieleza aina ya bakteria wa jenasi Pseudomonas, waliopatikana mahali palipomwagika kiuagugu, ambao huitumia atrazini kama chakula chao cha naitrojeni na kuivunja hadi mwisho. Hili lina upande wake wa kuchekesha. Shamba linalopigwa dawa ile ile mwaka hadi mwaka linaweza kukuza wadogo hawa wakawa wengi kiasi kwamba dawa inavunjika kabla haijamaliza kazi, na mkulima huenda dukani kulalamika kwamba ameuziwa feki. Feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingine mlaji yuko chini ya miguu yake.

Turudi Kilosa. Vitabu huitaja atrazini kuwa na nusu-uhai wa siku 60 hivi, yaani muda wa nusu yake kuvunjika. Tukidhani mzee alipiga kilo 1.5 za kiambato hai, yaani atrazini yenyewe bila vichanganyio, kwa hekta, baada ya siku 180 nusu-uhai tatu zimepita na imebaki asilimia 12.5, ambayo ni kama gramu 190. Hesabu hiyo ni safi, na ndiyo inayotupotosha, kwa kuwa namba ya vitabuni ni wastani wa udongo mwingi uliotofautiana sana. Vipimo vya maabara hufanywa mara nyingi kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, udongo ukiwa na unyevu wa kutosha muda wote. Joto letu lingetakiwa kuharakisha kazi, kwa kuwa kasi ya uvunjaji hukadiriwa kupanda mara mbili au zaidi kila joto linapoongezeka nyuzi 10. Wengi hudhani kwa hiyo kwamba nchi za joto zimesalimika. Wanasahau ukame. Masika ya mwaka ule yalikatika mapema, udongo ukakauka hadi ukapasuka, na bakteria katika udongo mkavu hawafi wote, bali hujikunja na kulala, dawa ikiwangoja. Juu ya hayo, udongo wa shamba lile ulikuwa na pH ya 8, upande wa magadi, ambako maji peke yake huing'oa klorini polepole mno. Tukiupa nusu-uhai wa siku 120 badala ya 60, kinachobaki Septemba si gramu 190 tena, ni zaidi ya 500. Na penye kugeukia, palipopigwa mara mbili, ni zaidi ya kilo moja, yaani zaidi ya theluthi mbili ya dozi mpya.

Viuatilifu vingine vina tabia zao, na ni kosa kuvipima vyote kwa atrazini. Sumu ya pareto iliyo juani huvunjwa na mwanga ndani ya saa chache, lakini mwanga hauvuki milimita chache za juu za udongo, kwa hiyo jua halimsaidii aliyekwisha kulima na kuifukia. DDT, kiuadudu cha zamani, penye hewa hugeuka kuwa DDE, ambayo ni sugu kama mama yake. Kule Vikuge, wilayani Kibaha, palihifadhiwa kwenye banda la wazi shehena ya viuatilifu iliyotolewa na Ugiriki mwaka 1986, ikiwamo DDT. Mabaki yaliondolewa miaka ya 1990, na bado sampuli za udongo zilizochukuliwa baadaye zilikuwa na DDT nyingi mno. Nusu-uhai wa dozi ya shambani hauna maana mahali kama hapo, kwa sababu sumu ikirundikana huwaua hata wale ambao wangeila. Na mrututu, dawa ya ukungu ambayo vizazi vya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wamepulizia mibuni yao, una shaba ndani yake. Shaba ni elementi. Hakuna bakteria wala jua litakaloivunja, hivyo kila msimu huongezeka juu ya msimu.

Mzee sikumpa somo hili lote. Nilimwomba makopo manne ya rangi yaliyosafishwa, tukayatoboa matundu chini. Mawili tukayajaza udongo wa kwenye ule mstari uliokufa, kutoka juu hadi kina cha kiganja, na mawili udongo wa chini ya mwembe ulio pembeni, ambako bomba halijawahi kufika. Tukapanda maharage matano kila kopo, akawa anayamwagilia sawasawa. Siku ya 19 alinipigia simu. Yote yaliota, alisema, lakini ya udongo wa mstari yameshaanza manjano kwenye kingo, na yale ya mwembeni hayana neno. Akauliza kama anaweza kupanda mahindi tena pale pale wakati akisubiri. Nikamwambia apande mahindi, amwagilie udongo usikauke, asitie atrazini nyingine, na akivuna arudie makopo kabla ya kununua mbegu ya maharage.