Hapana, stelingi hahitaji misuli zaidi

Kijana kaniletea kurasa nane za wino mweusi, mkono mzuri kabisa. Stelingi wake ana kifua kama jahazi lililopandisha tanga, na kila ukurasa anampiga mtu. Nikamuuliza: huyu ana rafiki? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza bei ya nazi. "Mwalimu, hii si katuni ya mashujaa?"

Nafundisha uchoraji hapa Bagamoyo, na jibu hilo limenichosha. Eti katuni ya mashujaa ni ngumi, ufundi unapimwa kwa misuli na wingi wa mistari, na urafiki ni maneno ya kujazia kati ya pigano moja na jingine.

Si kweli hata kidogo. Chukua mfululizo wa Hawkeye wa Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, ulioanza 2012: mwandishi Matt Fraction, mchoraji mkuu David Aja. Clint Barton, ndiye Hawkeye mwenyewe, hana nguvu zozote za ajabu. Ana upinde, plasta puani na Kate Bishop, msichana mdogo kwake kwa miaka mingi, anayetumia jina hilohilo la Hawkeye na kumsema kila anapovuruga mambo. Si wapenzi. (Najua mtauliza, huulizwa kila mara.) Aja anachora kwa mistari michache, mingine imenyooka kama alama za barabarani, na Matt Hollingsworth anapaka rangi kwa ubahili, zambarau ikitawala.

Toleo la 11, la 2013, linasimuliwa na mbwa. Maneno ya binadamu yamegeuka mikwaruzo, isipokuwa yale machache mbwa anayoyajua. Harufu zimechorwa kama vialama vilivyounganishwa kwa mistari kumzunguka mtu, na kwa hivyo mbwa anamtambua nani ni nani. Sasa Clint na Kate wanakorofishana. Hatusikii wanachosemezana; tunauona ugomvi kutoka kimo cha mbwa, hadi Kate anaondoka na mbwa anamfuata. Urafiki umevunjika mbele ya macho yetu na karibu hatukusomewa sentensi nzima. Mwaka 2014 toleo hilo lilipata Tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya katuni Marekani, ya toleo bora.

Kisha toleo la 19. Clint hasikii tena. Mazungumzo ni lugha ya alama, mikono imechorwa ishara kwa ishara, tafsiri hakuna, na viputo vya wanaosema viko vitupu. Usipoijua lugha ile unabaki nje, kama Clint anavyobaki nje ya sauti. Hapo ongeza misuli, uone itasaidia nini.

Madai mengine ninayoyasikia nayamaliza haraka. "Marafiki kwenye katuni lazima wapatane." Tangu 1961, kwenye Fantastic Four ya Stan Lee na Jack Kirby, mashujaa wa kundi moja Ben Grimm na Johnny Storm wanachokozana bila kuchoka. Mswahili anaushangaaje utani? "Katuni ni za watoto." Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa gazetini Uhuru akiwasema watu wazima. "Tableti ya kuchorea itanipa mkono." Itakupa kufuta haraka, basi.

Na ile ya "nitaandika maneno kwanza, picha itafuata." Hapana! Chora kwanza waliposimama. Watu wawili kwenye fremu moja wakitazama pande mbili tayari wameshagombana. Ukiongeza kiputo cha "nimekukasirikia" umemtukana msomaji.

Kijana nimemtuma soko la samaki asubuhi, wakati mashua zinarudi. Achore wawili wamebeba tenga moja. Bila kiputo hata kimoja. Nani kachoka, nani kanuna, nani anamwachia mwenzake uzito kimyakimya, vionekane mabegani. Kile kifua cha jahazi akiache nyumbani.