Stress/atom siyo mkazo wa sehemu, jamani

Hili tulimalize leo, maana kila mwanafunzi anayenifuata hapa Tanga na simulesheni yake ya utando mwembamba wa polima anakuja na imani ileile, kwamba LAMMPS (programu ya kusimulisha mwendo wa atomu) ikishakutolea stress/atom, namba yake ya mkazo kwa kila atomu, basi mkazo wa sehemu, yaani wa mahali fulani ndani ya utando, umeupata, unakata boksi vitabaka kwa z (upande wa unene wa utando), unajumlisha atomu zilizomo, unagawa kwa ujazo wa kitabaka, unachora grafu, umemaliza. Hujamaliza.

Pale unapewa viriali ya kila atomu, yaani nguvu zidisha umbali kati ya atomu. Nguvu kati ya atomu mbili inagawanywa nusu kwa nusu, kila atomu inawekewa fungu lake palepale ilipo. Ukijumlisha boksi zima hakuna neno, jumla iko sahihi. Tatizo linaanza ukitaka kujua mkazo uko WAPI. Nenda Deep Sea uangalie wanavyovuta mashua kwa kamba, mvuto uko kwenye kamba yote, ikate popote utaukuta, haujakaa nusu mkononi mwa mvutaji na nusu kwenye mashua. Kwa atomu ndo hivyohivyo, kinachotakiwa ni kujua nguvu gani zinavuka bapa fulani, yaani ukuta wa kufikirika unaokata utando.

Na kipimo chake ni rahisi sana, sijui kwanini watu hawakifanyi. Utando ulio huru kwenye ombwe hausukumwi na kitu juu wala chini, kwa hiyo Pzz (shinikizo la kuelekea z) lazima iwe sifuri kwenye kila z, siyo kwa wastani tu, KILA z, la sivyo kuna tabaka lina nguvu isiyosawazishwa na lingehama. Grafu niliyoletewa juzi Pzz inapanda na kushuka karibu na uso, alafu chini yake kuna aya nzima inaeleza eti mnyororo umebanwa pale juu. Hakuna kilichobanwa! Ni namna ya kugawa viriali tu. Varnik, Baschnagel na Binder walishalionyesha hili mwaka 2000 kwa utando wa polima ulio kati ya kuta mbili. Ukitumia njia ya mabapa ya Todd, Evans na Daivis ya 1995 Pzz inanyooka. LAMMPS inayo, inaitwa stress/mop, ila hakikisha toleo lako linahesabu na bondi, maana matoleo ya zamani yalihesabu nguvu za jozi za atomu zisizofungwa pamoja tu, na polima bila bondi ni nini sasa? Mimi mtu akinitumia Pxx (shinikizo la sambamba na uso) bila Pzz simjibu mpaka ailete.

Alafu wakishaelewa hilo wanarukia upande wa pili, kwamba basi hata mvutano wa uso umeharibika. Hapana. Fomula ya Kirkwood na Buff ya 1949 inajumlisha tofauti ya Pzz na wastani wa Pxx na Pyy kwenye z yote, na kwa uso bapa jibu halijali umegawaje. Gawa kwa 2 tu, utando una nyuso mbili. Polithini iliyoyeyuka kwenye nyuzi 140 za Selsiasi ni kama mN/m 29, ukipata karibu 60 ujue umesahau hiyo 2.

Mwingine anajitetea, "Nimekata nguvu kwenye sigma 2.5 kama kila mtu," yaani atomu zilizo mbali zaidi ya mara 2.5 ya upana wa atomu (sigma) hazihesabiwi. Katikati ya kimiminika inavumilika, kwenye uso haivumiliki, kwa kimiminika cha Lennard-Jones (modeli rahisi ya atomu zinazovutana na kusukumana) kwenye joto la 0.7 hivi kwa vizio vya modeli hiyo unapoteza karibu nusu ya mvutano. Ongeza umbali au weka sahihisho la mkia, yaani la nguvu ulizozikata. Na modeli ya polima ya Kremer na Grest ya 1990 ilivyo asili yake ni kusukumana tu, hakuna kuvutana, ukiiweka kwenye ombwe inatawanyika, huo mvutano utautoa wapi?

La mwisho ni wanaopoza mpaka chini ya Tg (joto ambalo polima inaganda kuwa kioo) wakaendelea na fomula ileile. Pale polima ni kioo, unachopata ni mkazo wa uso pamoja na mikazo iliyoganda wakati wa kupoza, siyo nishati huru ya uso (gharama ya kutengeneza uso mpya), hivyo vitu viwili Shuttleworth alivitenganisha tangu 1950. Hesabu juu ya Tg, minyororo ipate muda wa kulegea, na joto uliandike kwenye jedwali.