Kujiripoti: kijana akijaza "sivuti", tumwamini kiasi gani?

Kujiripoti ni mtu kueleza mwenyewe anachofanya, bila kupimwa wala kushuhudiwa. Takwimu nyingi za vijana na tumbaku zinatoka hapo. Utafiti wa kimataifa wa vijana na tumbaku, GYTS, ulioanzishwa mwaka 1999 na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, huwafuata darasani wanafunzi wa miaka 13 hadi 15, wakajaza dodoso lisilo na jina. Aliyevuta sigara hata siku 1 katika 30 zilizopita huhesabiwa mvutaji wa sasa.

Jibu hupotoka kwa njia kadhaa, na uongo ni mojawapo tu. Mahali pa kuulizia pana uzito: anayekiri darasani anaweza kukana akihojiwa sebuleni, mama yake akichambua mchele hatua mbili kutoka hapo. Marekani, tafiti za majumbani zimezoea kuonyesha wavutaji wachache kuliko za shuleni. Wapo pia wanaojitapa kuwa wanavuta ili waonekane wakubwa.

Kisha swali lenyewe. Uliza "Unavuta sigara?", na anayetafuna tambuu yenye tumbaku, anayebana kuberi mdomoni au anayevuta shisha wikendi atajibu hapana, tena kwa haki, maana hukumuuliza. Taja kila bidhaa kwa jina lake la mtaani.

Majibu huhakikiwa kwa kotinini, kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na nikotini ya tumbaku, na ambayo hupimwa kwenye mate, mkojo au damu. Kipimo hicho nacho kina mipaka. Kotinini hupungua nusu kila baada ya saa 16 hivi. Kijana aliyevuta sigara mbili Jumamosi usiku, akipimwa Ijumaa asubuhi, hajabakiwa hata na sehemu 1 ya 100 ya kiwango cha mwanzo. Kipimo kitasema msafi, dodoso litasema mvutaji, na dodoso ndilo litakuwa sahihi. Vilevile kotinini haitofautishi sigara, ugoro na sigara ya kielektroniki.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Richard Evans na wenzake, huko Marekani, waliwaonyesha wanafunzi filamu ya jinsi mate yanavyofichua uvutaji, na waliokiri wakaongezeka. Binafsi tungeanza na mambo mepesi: mwalimu atoke nje, madawati yaachane, na kila mwanafunzi atumbukize karatasi yake mwenyewe kwenye sanduku lililofungwa. Mwalimu akizikusanya mkononi, ahadi ya siri imeshavunjika.