Mabadiliko ya Tabianchi: Yanayosemwa na Yanayothibitishwa na Vipimo

Dhana potofu juu ya mabadiliko ya tabianchi huwa ngumu kung'oka kwa sababu nyingi kati yake zimebeba chembe ya ukweli. Anayesema kwamba tabianchi ya dunia ilibadilika mara nyingi kabla binadamu hajachimba hata kipande kimoja cha makaa ya mawe hasemi uongo. Anapotea pale anapohitimisha kwamba, kwa hiyo, hata joto la sasa ni la asili tu. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa kirefu kuliko nyingine zote.

Zama za barafu zilikuja na kuondoka kwa kufuata mabadiliko ya polepole ya njia ya dunia kulizunguka jua na ya mwinamo wa mhimili wake, ambayo huchukua makumi ya maelfu ya miaka. Kumbukumbu ya vipindi hivyo imehifadhiwa Antaktika, ambako theluji iliyoanguka mwaka baada ya mwaka iligandamizwa ikawa barafu, na ndani yake vikanaswa viputo vidogo vya hewa ya wakati ule. Wanasayansi wameitoboa barafu hiyo hadi kina cha zaidi ya kilomita 3, wakatoa vipande vyake na kuvipondaponda ndani ya chombo kisicho na hewa, kisha wakapima kilichotoka kwenye viputo. Kwa njia hiyo tunajua kwamba katika miaka 800,000 kabla ya zama za viwanda, kaboni dioksidi, gesi inayonasa joto, haikuvuka sehemu 300 hivi katika kila sehemu milioni moja za hewa. Mapinduzi ya viwanda yalipoanza ilikuwa 280. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa karibu 315, na sasa imepita 420. Zama za barafu za mwisho zilipokwisha, ongezeko linalokaribia hilo la tangu mwaka 1958 lilichukua maelfu ya miaka; safari hii halikuchukua hata miaka mia moja.

Kwamba kaboni hiyo imetokana na binadamu si jambo la kukisia. Makaa ya mawe na mafuta ni mabaki ya viumbe waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo hayana tena kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho ambayo huisha yenyewe kadiri muda unavyopita. Tayari katika miaka ya 1950, mwanakemia Hans Suess alionyesha kwamba hewa ilikuwa ikizimuliwa na kaboni ya aina hiyo kongwe. Volkano nazo hutajwa sana, lakini kaboni dioksidi inayotoka kwenye volkano zote za dunia kwa mwaka haifiki asilimia 1 ya ile itokanayo na shughuli za binadamu. Kuhusu jua, setilaiti zimekuwa zikipima nguvu yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 bila kuona ongezeko linaloweza kueleza joto hili. Tena, kama jua lingekuwa ndilo chanzo, angahewa ingepata joto kuanzia juu hadi chini. Vipimo vinaonyesha tabaka la chini likipata joto huku stratosfia, iliyo juu yake, ikipoa, jambo linalotarajiwa pale kaboni dioksidi inapoongezeka. Kwangu mimi, huu ni ushahidi ambao hakuna mwenye nia njema anayeweza kuupuuza.

Wapo pia wanaoamini, na wengi wao ni watu waliosoma, kwamba dunia inapata joto kwa sababu tundu la ozoni linapitisha jua kali. Haya ni matatizo mawili tofauti. Ozoni, tabaka la gesi lililo juu angani, huchuja mionzi ya urujuanimno inayodhuru ngozi na macho. Iliharibiwa na kemikali zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, na baada ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kuzidhibiti, tabaka hilo limeanza kupona. Joto linapandishwa hasa na kaboni dioksidi na methani, ambazo hunasa joto linalopaa kutoka ardhini na baharini. Mkanganyiko huu una gharama yake, kwa kuwa anayeliangalia tundu la ozoni hayaoni makaa yanayochomwa ili kuzalisha umeme, wala misitu inayofyekwa.

Wengine husema kwamba mafuriko au msimu wa baridi kali ni ushahidi kwamba dunia haipati joto. Msimu mmoja wa mahali pamoja haubatilishi wastani wa dunia nzima wa miongo kadhaa. Na mafuriko hayapingani na joto hata kidogo: kila hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7. Hewa hiyohiyo inayofyonza unyevu wa udongo wakati wa kiangazi ndiyo inayomwaga mvua kubwa zaidi inapofika wakati wake.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile ya kwamba tumekwisha kuchelewa, hivyo hakuna cha kufanya. Katika muongo wa 2011 hadi 2020, uso wa dunia ulikuwa na joto la nyuzi 1.1 hivi juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900, na kweli, bahari itaendelea kupanda kwa karne nyingi hata tukiacha leo. Lakini kiwango cha joto kitakachofikiwa hutegemea jumla ya kaboni tunayoirusha hewani, na tofauti ndogo huamua mambo makubwa. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba joto likifika nyuzi 1.5, matumbawe ya nchi za joto yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90. Likifika nyuzi 2, yatatoweka kwa zaidi ya asilimia 99.