Je, wajua kwa nini mtumwa wa Zanzibar alitakiwa aende kuuomba uhuru wake?

Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba. Kulipokucha, hakuna aliyekuwa huru kwa sababu ya amri hiyo. Ilichosema ni kwamba mahakama hazitatambua tena haki ya mtu kummiliki mwenzake. Aliyetaka kuondoka kwa bwana wake ilimbidi aende kuomba mwenyewe, aonyeshe ana pa kukaa na namna ya kujilisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana wake ndiye aliyelipwa fidia.

Mbona mlango ukawa mwembamba hivyo? Karafuu. Mashamba yalitegemea watumwa, na hazina ya serikali ilitegemea kodi ya karafuu.

Hamoud mwenyewe hakuwa na sauti kubwa. Alikalishwa kitini Agosti 1896, baada ya manowari za Uingereza kuipiga mizinga kasri kwa muda usiofika saa moja. Ubishi ulikuwa baina ya Waingereza wenyewe. Huko London, chama cha kupinga utumwa kilichoundwa 1839, pamoja na Wakweka (Wakristo wa madhehebu ya Quaker) na wamisionari, walidai watumwa waachwe huru mara moja. Waliona aibu bendera yao kupepea juu ya visiwa vya watumwa. Mkataba wa 1873, ambao Sultani Barghash aliutia saini kwa kutishwa na manowari, ulifunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia biashara yao ya baharini tu. Aliyekwisha kuwa mtumwa alibaki mtumwa.

Aliyewapinga kwa nguvu alikuwa Mwingereza mwenzao, Arthur Hardinge, balozi wa Uingereza huko Zanzibar. Alihofu kwamba haraka ingewafilisi wenye mashamba wa Kiarabu, ambao utawala uliwaegemea, na kuacha karafuu bila wachumaji. Mwafaka ukatolewa India, ambako tangu 1843 sheria ilikuwa imeacha kuutambua utumwa bila kumwachia huru mtu yeyote moja kwa moja. Kwa maoni yangu ilikuwa hila ya makarani: London ilipata neno lake, na mashamba yakabaki na watu wake.

Wenye watumwa nao walikuwa na hoja yao: sheria ya dini inautambua utumwa, na wa kumwacha mtu huru ni bwana wake, si serikali. Lakini dini hiyohiyo inahesabu kumwacha mtumwa huru kuwa thawabu, na wapo waliofanya hivyo kabla ya amri yoyote.

Na watumwa? Wengi hawakujisumbua na mahakama. Mlango ulipokuwa wazi, hata kama kidogo, walipata la kusema mbele ya bwana: nitakaa, nitalima changu, nitakufanyia siku kadhaa kwa wiki. Wengine walihamia mjini au shamba jingine bila hati yoyote.

Masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao, hawakuwa na nafasi hiyo. Amri ya 1897 iliwahesabu kama wake wa ndoa, na suria hakuweza kudai uhuru wake isipokuwa athibitishe kwamba anateswa. Katika hili Hardinge na mabwana hawakupishana: nyumba za watu zisiguswe. Masuria walingoja hadi sheria ya 1909.