Uliza daftari kwanza

Mahojiano yangu ya kwanza, Ng'ambo hapa Tabora Mjini, niliyaharibu kwa swali moja. Nilimuuliza mama mwenyeji wangu: "Uligundua lini kwamba una virusi?" Akanijibu vizuri mno, kipimo, ushauri nasaha, kukubali hali, kama mtu anayesoma kadi. Ameshaulizwa hivyo na wauguzi, wafadhili na waandishi hadi jibu limekaririka lenyewe. Nikarudi nyumbani na dakika arobaini za sauti zisizo na kitu.

Kwa taaluma mimi ni mhifadhi wa kumbukumbu. Utafiti jamii naufanya kwa kujitolea, jioni na Jumamosi, tukikusanya historia ya harakati za VVU. Ile kubwa imeshaandikwa: wagonjwa watatu wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, kuanzishwa kwa WAMATA, shirika la kusaidia walioathirika, mwaka 1989, na SHDEPHA+, chama cha watu wanaoishi na VVU, mwaka 1994, dawa za bure kuanzia 2004. Isiyoandikwa ni ya mtaani, ya aliyempakia jirani kwenye baiskeli hadi hospitali ya Kitete wakati wengine hawataki hata kuushika mkono wake.

Mara ya pili sikuuliza ugonjwa. Niliuliza, "Mama, kuna kitu chochote cha kikundi mlichotunza?" Akaingia ndani, akatoka na kauntabuku iliyofungwa kwa gazeti. Kurasa za mwanzo ni michango: uji, sabuni, nauli, sanda. Sanda, sanda, sanda. Kisha, katikati ya daftari, neno sanda linaanza kuadimika, na badala yake linakuja "nauli ya CTC", yaani kliniki ya kuchukulia dawa za VVU. Nimesoma ripoti nyingi kuhusu kuja kwa dawa. Hakuna iliyonikaa kama ukurasa ule.

Tatizo, daftari halina mwaka hata mmoja. Hapo ndipo mtafiti anapopata kazi, maana ukimuuliza mtu mwaka atakubahatishia ili usikasirike. Mimi huuliza vidonge vya VVU alivyokuwa akimeza. Mara mbili kwa siku, na ganzi miguuni? Hizo mara nyingi ni zile za mwanzo zenye stavudine, ambazo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuhimiza ziachwe. Kidonge kimoja cha usiku chenye ndoto za ajabu? Hapo tumefika kwenye vile vya baadaye, vyenye efavirenz. Alama nyingine ni kikombe cha Babu wa Loliondo, 2011, dawa ya mitishamba iliyosemwa inaponya hata UKIMWI. Kila mtu anakumbuka alikuwa wapi mwaka ule, na ukitaja shilingi 500 za kikombe cha Babu, kicheko hutangulia jibu. Kwenye kikundi hiki watu wawili walisafiri kwenda kunywa. Mmoja aliacha dawa, na mama anasema wenzake walimfuata nyumbani kila asubuhi hadi akarudi kliniki. Hilo kwangu ni harakati kamili, ingawa hakuna bango wala maandamano.

(Maneno ya mtaani yaandikeni yalivyotamkwa. Mtu akisema "alikanyaga miwaya", usimwandikie "aliambukizwa VVU". Kuna hofu na utani ndani ya neno lile ambavyo tafsiri yako inavifuta.)

Sehemu ngumu ni ridhaa. Tunaomba mbili, ya kuzungumza na ya kuhifadhiwa, kwa siku tofauti, kwa sababu mtu anayekubali akiwa amechangamka anaweza kujuta akilala. Lakini daftari lina majina ya wengine ambao hawakuombwa chochote, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka hali ya mtu iwe siri. Kwa hiyo nakata vipande vya karatasi, nafunika majina kabla ya kupiga picha. Si baadaye kwenye kompyuta, kabla, ili picha yenye majina isiwahi kuwepo. Daftari lenyewe linabaki kwa mama.

Jumamosi iliyopita tulibishana. Nilipoanza kufunika ukurasa wa sanda, akanishika mkono. "Hao acha wasomeke, mwanangu. Hawana siri tena." Nikamwambia wana watoto, na watoto wako mtaa huu huu. "Watoto wao," akasema, "niliwakorogea uji mimi."

Hakusaini. Nimemwachia fomu na vile vipande vya karatasi, na Jumamosi hii narudi.