Udukuzi: kutoka nyuma ya mlango hadi ndani ya simu

Zamani dukuzi alikuwa mtu wa kujibanza nyuma ya mlango, sikio ukutani, asikie ya wenzake. Udukuzi wa leo umetoka hapo. Mlango umebadilika tu: sasa ni simu yako.

Huku Uganda neno hili huchanganywa na jingine, kunasa mawasiliano, na mkanganyiko huo huwafaa wapelelezi kuliko raia. Kunasa hufanyika njiani. Unapiga simu Kampala, mwenzako anapokea Arua, na katikati yupo mtu kwenye mitambo ya kampuni ya simu anayesikiliza. Ni kama karani wa posta anayefungua barua, akaisoma, akaigandisha tena. Udukuzi haungoji barua ifike posta. Mdukuzi yuko chini ya kitanda chako, anasoma huku wewe bado unaandika.

Kunasa kuna sheria yake. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua watu zaidi ya 70 Kampala, kwenye klabu ya raga ya Kyadondo na kwenye mkahawa wa Kihabeshi Kabalagala, wakiangalia fainali ya Kombe la Dunia. Mswada wa kunasa mawasiliano ulikuwa umelala tangu 2007. Siku chache baada ya mabomu Bunge likaupitisha, na katika msiba ule nani angesimama kuuliza habari za faragha? Sheria inazitaka kampuni za simu ziwe na mitambo inayoweza kunaswa, na ziwajue wateja wao. Ndiyo maana ukinunua laini leo unaombwa ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa. Lakini imeweka na kizingiti. Mkuu wa Majeshi, Inspekta Jenerali wa Polisi au wakuu wa ujasusi wa ndani na wa nje wanatakiwa kwanza kupata hati ya jaji wa Mahakama Kuu. Kizingiti chembamba, sawa, ila kipo, na kinalingana na ibara ya 27 ya Katiba inayolinda nyumba ya mtu na mawasiliano yake.

Shida ilikuja na WhatsApp na ndugu zake. Ujumbe unafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya mwenzako tu. Anayeunasa njiani anaambulia fujo ya herufi. Basi mwenye kutaka kusoma hana budi kuingia ndani ya kifaa chenyewe, na hapo ndipo kampuni binafsi zilipoona soko. Zinatafuta nyufa katika simu ambazo hata mtengenezaji hazijui, zinatengeneza programu ya kupenya, kisha zinaiuza. Husema zinauzia serikali pekee, kana kwamba hilo lilikuwa la kututuliza.

Programu ikishaingia inasoma ujumbe, inachukua picha, inajua ulipo, inawasha maikrofoni simu ikiwa mezani. Huingiaje? Njia ya zamani ni kukudanganya ubonyeze kiungo, au uunganishe simu kwenye waifai ya uongo. Pegasus ya kampuni ya Israeli, NSO, imeweza kuingia bila mwenye simu kugusa chochote.

Mfano wetu wa nyumbani una jina la Kiswahili. Mwaka 2015 shirika la Privacy International la London lilitoa ripoti iliyosema kwamba baada ya uchaguzi wa 2011 na maandamano ya kutembea kwenda kazini, ujasusi wa jeshi na polisi waliendesha operesheni iliyoitwa Fungua Macho. Walitumia FinFisher, programu iliyouzwa na Gamma, wakaitega hata katika mitandao ya hoteli, wakiwalenga wapinzani, waandishi wa habari na wengineo. Serikali ilikana. Mimi jina lile ndilo lililonikera zaidi. Majirani wengi hapa tayari wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya kambi na ya vizuizi vya barabarani, halafu maneno ambayo mama humwambia mwanawe anapokwenda mjini yakageuzwa jina la kazi ya kuchungulia watu.

Mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal likaandika kwamba mafundi wa Huawei waliwasaidia maofisa wa Uganda kuingia katika mawasiliano ya Bobi Wine, mwanamuziki na mwanasiasa wa upinzani, baada ya maofisa kujaribu wenyewe na kushindwa. Huawei ilikana, na serikali pia.

Utaona penye pengo. Sheria ya 2010 inamtazama mtu wa kampuni ya simu: ndiye anayeonyeshwa hati, ndiye anayeweza kusema hati haikuletwa. Programu ya kijasusi haimpitii. Anayeuza yuko nje ya nchi, mkataba ni siri, na aliyedukuliwa hapati hata dalili ya kumpeleka kwa wakili. Sheria ya kulinda data ya 2019 nayo inaruhusu taarifa za mtu kukusanywa bila ridhaa yake kwa sababu ya usalama wa taifa, na kila mpelelezi anajua kulitamka neno hilo.

Novemba 2021 Apple iliishtaki NSO na kuanza kuwatumia taarifa watu ambao huenda simu zao zililengwa na wadukuzi wa kiserikali. Norbert Mao, wakati huo mwanasiasa wa upinzani, alisema hadharani kwamba ameipata. Mwezi uliofuata shirika la Reuters likaripoti kuwa simu za wafanyakazi wasiopungua 9 wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, waliokuwa Uganda au walioshughulikia mambo ya Uganda, zilikuwa zimeingiliwa kwa programu ya NSO. Mteja aliyefanya hivyo hakutambulika. Mao hakuarifiwa na jaji, wala na kampuni ya simu, wala na polisi. Aliarifiwa na aliyeunda simu yake, kutoka California.